PICHA ZETU ZINATUPOTEA UKUTANI

Juma hili nataka tuzungumze jambo ambalo wakubwa wengine watalicheka. Watasema: watu wana shida ya maji, wana shida ya nauli, na huyu anatuletea habari za fremu za picha! Naam, nawaletea habari za fremu za picha. Someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Ingia katika nyumba ya kabwela yeyote, iwe Manzese, iwe Ngamiani, iwe Makorongoni, ukaribishwe kiti, halafu inua macho utazame ukuta. Utaona nini? Mara nyingi utaona bango kubwa la rangi lililonunuliwa kwa mchuuzi wa njiani: maporomoko ya maji ya nchi ambayo mwenye nyumba hajui hata jina lake, au sahani ya zabibu na matufaha, na bilauri ya mvinyo kando yake, katika nyumba ambayo mvinyo haujapata kuingia hata siku moja, au jumba lenye theluji juu ya paa. Bango hilo limetiwa fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, nalo limetundikwa mahali palipo pazuri kuliko pote, mkabala na mlango.

Sasa muulize mwenye nyumba: je, ndugu yangu, iko wapi picha ya baba yako? Atainuka, ataingia chumbani, atavuta sanduku lililo chini ya kitanda, atatoa bahasha, na ndani ya bahasha atatoa kipande cha karatasi kilicholiwa pembe na mende. Huyo ndiye baba! Theluji ya watu ina fremu, na mzee aliyekujengea nyumba yuko chini ya kitanda pamoja na viatu.

Sisemi kwamba ni haramu kutundika maporomoko ya maji. Mtu ana haki ya kupumzisha macho yake kwa kitu anachokipenda, na maji ni mazuri. Wala silaumu desturi ya maofisi na maduka mengi ya kutundika picha ya Rais na ya Baba wa Taifa. Desturi hiyo ni ya heshima, na tazameni jinsi picha hizo zinavyotunzwa, kioo safi, fremu imenyooka. Ninachouliza ni hiki: kama twajua kuwa picha inayoheshimiwa hutiwa fremu, kwa nini watu wetu wenyewe hatuwatii?

Nimewauliza wengi, na jibu ni moja. Fremu ni ghali. Fremu ni mambo ya wenye nacho. Kwa hiyo leo nataka nilijibu jibu hilo, na sitalijibu kwa maneno matupu.

Lakini kwanza nieleze hasara tuliyokwisha kuipata, maana asiyejua alichopoteza hawezi kukilinda kilichobaki. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, alileta nyumbani bango la kufundishia, akalibandika ukutani kwa uji wa unga wa muhogo, karatasi yote nyuma imelowa uji, akalipangusa kwa kitambaa likakaa sawasawa kabisa. Sisi watoto tulijifunza kusoma herufi kubwa kwa bango lile. Basi siku moja nyumba ikapigwa lipu upya. Fundi alichukua mwiko akakwangua. Karatasi iliyogandishwa ukutani haina njia nyingine ya kutoka, hutoka vumbi. Bango la namna ile leo ukilitafuta mtaani kwetu hulipati, na wakati ule yalikuwako nyumba hata nyumba. Watu walifikiri, ah, karatasi hizi zitakuwako siku zote.

Ya pili yaniuma zaidi. Picha ya harusi ya wazazi wangu ilipigwa Tanga mwaka 1966, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, baba amesimama, mama ameketi, mkono wa baba uko juu ya mgongo wa kiti. Mwaka 1999 nilipata vijisenti, nikaona nimfanyie mama heshima, nikaipeleka picha ile kwa duka moja la fremu. Jina la duka silitaji, wala mji siutaji. Nikalipa fedha nyingi kwa mtu wa mshahara kama wangu. Ikatoka fremu ya kung'aa, mama akafurahi, majirani wakaja kuitazama.

Masika mawili hayakupita, madoa ya hudhurungi yakaanza kutokea, kwanza pembeni, halafu juu ya shati la baba. Nikasema niifungue niisafishe. Nyuma nikakuta kadi ya boksi, na picha imegandishwa juu yake kwa gundi ile ile wanayobandikia soli za viatu. Mbele, picha ilikuwa imeshikamana na kioo. Mimi kwa ujinga wangu nikavuta. Uso wa mama ulibaki kwenye kioo. Mama alikitazama kioo kile, akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, acha, mimi mwenyewe bado nipo." Alifariki mwaka 2011.

Tangu hapo nilianza kuuliza mafundi, na watu wanaotunza nyaraka, na kujaribu kwa mikono yangu. Kumbe mambo niliyotozwa fedha nyingi ndiyo yaliyoiua picha. Na kumbe ufundi wa kutia picha fremu, ukiacha madoido, si kitu kinachomshinda mtu anayejua kushika msumeno.

Tuanze na adui, maana karatasi ina maadui. Wa kwanza ni unyevu. Uso wa picha iliyosafishwa kwa dawa zamani ni tabaka jembamba la jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini ikipata unyevu huvimba, hulainika, na ikiguswa na kioo hushikamana nacho. Sisi wa pwani twaujua unyevu, hata chumvi mezani hulowa. Kwa hiyo picha isigusane na kioo kamwe. Wa pili ni jua. Mwanga wa jua hula rangi, na karatasi ya gazeti au ya bango la bei nafuu huigeuza manjano, kwa sababu karatasi hizo zina mabaki ya utomvu mgumu wa mti ambao hubadilika ukipigwa na mwanga na hewa. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu nyekundu kama zimemwagiwa chai, nazo zahitaji kivuli kuliko zile nyeusi na nyeupe. Wa tatu ni asidi. Kadi ya boksi la sabuni ina asidi, nayo huhamia polepole kwenye picha iliyolazwa juu yake; yale madoa ya hudhurungi ndiyo hayo. Wa nne ni sisi wenyewe na gundi zetu. Selotepu hukauka, hugeuka manjano, na utomvu wake hupenya mpaka upande wa pili. Mende na mchwa nawataja mwisho, ingawa watu huwataja mwanzo. Mara nyingi wao huja kumalizia kazi iliyoanzwa na wengine.

Sasa fremu yenyewe. Sitaandika bei, kwa sababu bei hupanda kabla wino haujakauka. Nitaandika vipimo.

Kubwa linalowashinda watu ni kona. Fremu ya dukani ina kona zilizokatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, na mtu asiye na kisanduku cha kukatia kona akijaribu kwa macho tu, hupata pengo la kupitisha kidole, hukasirika, huacha. Na la pili ni ile ngazi ndogo ya ndani ambayo kioo hukalia. Seremala huichonga kwa randa maalumu, na wewe randa hiyo huna. Basi iko njia isiyotaka kona ya mshazari wala randa. Utafanya fremu ya tabaka mbili. Tabaka la mbele ni la mbao pana kidogo, la nyuma ni la mbao nyembamba zaidi, na tofauti ya upana wake ndiyo ngazi.

Tuchukue mfano wa picha ya ukubwa wa A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42, kwa kuwa ndio ukubwa ambao duka la kuchapia mtaani hukutolea bila taabu. Kioo kikatwe kipimo hicho hicho. Tafuta mbao zenye unene wa sentimita moja. Za mbele ziwe na upana wa sentimita 4, za nyuma upana wa sentimita 3. Kwa tabaka la mbele kata vipande viwili vya sentimita 48.3 vya kusimama, na viwili vya sentimita 28 vya kulala katikati yake, juu na chini. Kwa tabaka la nyuma geuza: vya kulala ndivyo viwe virefu, viwili vya sentimita 36, vinavyofika ukingoni, na vya kusimama viwe viwili vya sentimita 42.3 katikati yake. Hapo kila kona ya mbele yafunikwa na ubao mzima wa nyuma, kama matofali yanavyopishana ukutani, na kona iliyopishana haiachii. Jumla ya mbao zote haizidi mita 3 na robo, ukihesabu na unga wa msumeno. Kata zote ni za mraba, ambazo hata mtoto wa darasa la saba akishikiwa ubao atazikata.

Paka gundi nyeupe ya mbao baina ya tabaka mbili. Kabla haijakauka pima kwa uzi toka kona hii mpaka kona ya kukabili, kisha kona zile nyingine. Nyuzi zikiwa sawa, fremu ni mraba, zikipishana, isukume taratibu mpaka zilingane. Watu wengi huliruka jambo hili. Usiliruke, kioo hakina huruma. Halafu uifunge. Seremala ana vibano vya chuma, wewe una mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi. Ukate vipande virefu kama vya manati, uzungushe kila upande wa fremu huku unavuta, uache usiku kucha. Mpira wa baiskeli hubana sawasawa kuliko kamba, wala hauachi alama kwenye mbao. Asubuhi piga msasa, paka vanishi au mafuta, kazi kwisha.

Mbao utazipata wapi? Nenda kwa seremala wa mtaa, yule anayetengeneza vitanda na makochi, utazame chini ya meza yake. Vipande vya mninga vinavyoachwa pale, ambavyo mama ntilie huvichukua kuwashia moto, ndivyo fremu yenyewe. Kiini cha mninga hakipendwi na mchwa, na uzuri wake hautaki rangi. Mtiki nao ni hivyo hivyo. Wenzetu walio karibu na mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro huupata kwa wepesi. Msaindano, ule unaoshuka kwa malori kutoka Sao Hill, ni laini, hukatika vizuri, na ni rahisi kuliko yote, lakini mchwa huuonea. Kwa nyumba ya udongo upake dawa kwanza. Wako pia wanaotumia mbao za kubebea mizigo zinazotoka bandarini. Si vibaya, ila tazama mhuri uliopigwa ubavuni: zenye herufi HT zilitibiwa kwa joto, zichukue, zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, ziache huko huko, usiziingize chumbani wanakolala watoto.

Kioo ni cha milimita 2, au 3 ukikosa. Duka la vioo vya madirisha halikosi vipande vilivyobaki, nalo huvikata kwa kipimo ulichoandika. Andika kipimo kwenye karatasi, usikiseme kwa mdomo. Kwa bango kubwa fikiria uzito: kioo cha milimita 2 cha ukubwa wa A2 chafikia kilo moja na robo, na cha A1 kilo mbili na nusu, na fremu nyembamba ya msaindano haitaki mzigo huo juu ya kitanda cha mtoto. Hapo plastiki ngumu yenye kuonyesha yafaa, ijapokuwa huchubuka upesi na haisuguliwi kwa kitambaa kikavu. Kwa bango ambalo si la pekee, yaani waweza kulipata jingine, hata kutotia kioo si dhambi.

Sasa picha ndani ya fremu, hapo ndipo penye moyo wa shughuli. Katika nyuso nne za kioo, pembeni kabisa, pale panapofunikwa na mbao, weka vipande vyembamba vya kadi nyeupe nzito, upana wake nusu sentimita. Hivyo ndivyo vitakavyoweka nafasi ya hewa baina ya kioo na picha. Vipande hivyo havionekani kwa mbele, na kama duka lile lingevitia, ningekuwa na uso wa mama yangu. Nyuma ya picha weka karatasi nyeupe nzuri ya kuandikia, hata tatu nne, kabla ya kufika kwenye kadi. Picha usiigundishe yote. Kata vikaratasi viwili vyembamba, upike uji mzito wa unga wa ngano, ubandike picha kwa vikaratasi hivyo ukingo wa juu tu, upande wa nyuma, ining'inie kama shati kwenye kamba. Karatasi hupanuka wakati wa masika na kujikunja wakati wa kiangazi. Ukiibana pande zote hujikunja makunyanzi. Na uji wa ngano, ndugu, siku mtu akitaka kuitoa, ataulainisha kwa maji kidogo. Mjomba alitumia uji pia, ila alipaka picha nzima na kuipa ukuta. Kosa lake halikuwa kwenye uji.

Nyuma kabisa funga kwa hadibodi. Namjua bwana mmoja aliyekataa hadibodi, akasema ni kitu cha dari la watu maskini. Nikamuuliza kama amepata kusikia jina la Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakungoja turubai la wachoraji wa Ulaya. Alichora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na leo watu wa nchi za mbali hulipa fedha nyingi kwa vipande hivyo vya hadibodi. Hicho ndicho kitu cha dari!

Lakini ndugu zangu, ugonjwa wa bwana yule si wa hadibodi, ni kasumba. Kuna watu ambao kitu chochote kikitengenezwa na mkono wanaoufahamu, kwao hakina thamani. Fremu ya plastiki iliyovuka bahari wataisifu, hata ikiwa rangi yake ya dhahabu yabaki kwenye vidole ukiishika. Fremu ya mninga, mti wa nyumbani, iliyokatwa na jirani, wataikunjia uso. Nimewaona wageni wakiingia kwangu, wakauliza, "Hii umetengeneza mwenyewe?" kwa sauti ile ile wanayomuulizia mtu kama ameshona viraka mwenyewe. Nami hujibu ndiyo, nimetengeneza mwenyewe, na picha uliyokuja nayo mwaka jana ukaiacha kwenye mfuko wa rambo iko wapi? Hapo mazungumzo hubadilika.

Wengine watasema nawanyima mafundi wa fremu riziki yao. Hapana. Fundi mwema wa fremu, anayejua kwa nini kioo hakigusi picha, apewe kazi na alipwe haki yake, na mimi nikiwa na bango la A0 sitathubutu mwenyewe, nitampelekea yeye. Lakini muulizeni kabla ya kumpa: utabandika kwa nini? Utaweka nafasi baina ya kioo na picha? Akikasirika kuulizwa, chukueni picha yenu mwende zenu. Na seremala wa mtaa je? Yeye hakuwa akipata chochote kwa fremu za plastiki. Mkimletea vipimo nilivyoandika hapa, akakata vipande vinane kwa malipo madogo, amepata yeye, mmepata nyinyi.

Wako vijana watakaosema, mzee, mambo ya karatasi yamepitwa, picha zetu ziko kwenye simu. Vema. Simu ikianguka chooni ukoo mzima umezama. Ikiibiwa kwenye daladala, mwizi ndiye mrithi wa sura za babu zako, naye hatazitaka, atazifuta. Lakini simu siikatai, simu ni chombo kizuri sana kwa shughuli hii, tena ndicho kilichoondoa kisingizio cha mwisho. Ile picha ya pekee, iliyoliwa pembe, usiitundike kabisa. Ipige kwa simu mchana, kivulini, nje ya nyumba, simu ikiwa imetazama picha sawasawa bila kuinama, bila taa ya simu, maana taa huacha doa jeupe. Ipeleke ikachapwe A3 au A4. Tundika nakala, na ya asili itie kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, juu kabatini, si chini ya kitanda. Na nyuma yake andika kwa penseli laini, taratibu, majina na mwaka. Kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Tuna picha nyingi nchi hii za watu ambao hakuna awajuaye, kwa sababu aliyewajua hakuandika.

Na si picha peke yake. Akina mama wana kanga walizoachiwa na mama zao, zimekunjwa mpaka zimekatika kwenye mikunjo. Kanga nzima ni kubwa mno kwa fremu ya nyumbani, lakini ikiwa imekwisha chakaa, kile kipande chenye jina na pindo lake chaweza kufuliwa, kupigwa pasi, na kushonewa kwenye kitambaa cheupe kwa sindano na uzi, bila gundi, kikakaa ndani ya fremu ya tabaka mbili kama nilivyoeleza. Niliona kimoja Pangani kwa shangazi yangu. Nilikisoma kikanichekesha, maana lilikuwa ni neno alilovalishiwa mke mwenza miaka hiyo, na wote wawili sasa ni marafiki.

Mahali pa kutundika pia pana maneno. Si ukuta unaopigwa na jua la asubuhi au la jioni. Si ukuta unaopakana na bafu, wala ulio juu ya jiko la mkaa. Ukuta wa nje wa nyumba ya matofali hubaki na maji ya mvua kwa siku nyingi. Ule wa ndani, baina ya chumba na chumba, ni mkavu zaidi. Nyuma ya fremu, pembe mbili za chini, bandika vipande vya kandambili iliyokatika, ili picha isilale juu ya ukuta na hewa ipite. Ndani ya nyumba ya udongo usipige msumari kwenye udongo mtupu. Tafuta kwa kugonga mahali fito au nguzo ilipo. Na mpangaji aliyekatazwa misumari na mwenye nyumba, afunge uzi imara kwenye kenchi, auteremshe mpaka kimo cha macho. Uzi ukionekana hakuna ubaya. Kila masika yakipita shusha fremu, tazama nyuma yake, fukuza wanaojenga.

Nimekwisha sema uso wa mama ulibaki kwenye kioo. Kioo kile sikukitupa. Ninacho, nimekifunga kwenye kitambaa. Niliambiwa na anayejua kazi kwamba picha iliyoshikamana isivutwe, ipigwe picha vile vile ilivyo, juu ya kioo chake, na nilipojua hayo nilikuwa nimekwisha kuvuta. Lakini mwaka huu nilikwenda Pangani, na shangazi, ambaye alikuwa mpambe siku ya harusi ile, alifungua mkoba wake akatoa nakala ndogo ya picha ile ile, ya ukubwa wa kiganja, ameihifadhi ndani ya msahafu karibu miaka sitini. Haina doa hata moja. Hakunipa, alinikopesha.

Nimeipiga kwa simu, nimeichapisha. Fremu mbili, za mninga, ziko mezani zimefungwa mpira wa baiskeli, gundi yangoja kukauka. Moja yangu na moja yake. Jana usiku shangazi alipiga simu kuuliza picha yake itarudi lini. Nimemwambia Jumapili, kwa basi la asubuhi, na nitaileta kwa mkono wangu mwenyewe.